Manju Haendi Ngomani Ameshiba

Alhamisi, 2 Julai 1953
Nimerudi kutoka zahanati. Dresa Eustace, anayetibu pale, kasema nina ugonjwa wa sukari. Kamfundisha mke wangu Mbuke kunidunga sindano kila asubuhi, kisha nile papo hapo. Eti dawa ikikuta tumbo tupu inashusha sukari mno. Dalili: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira bila sababu, akili kuyumba. Nikiona hivyo nilambe asali au sukari upesi, nisingoje. Mimi! Manju mkuu, kiongozi wa waimbaji wa ngoma ya Bagalu, nilambe sukari kama mtoto! Nikamwambia nilianza kutoka jasho yeye hajazaliwa.

Jumapili nashindana na Maganga, manju wa wapinzani wetu Bagika, hapa Bugarama. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwaka jana alinimaliza. Waimbaji wangu wamesema wazi: nikishindwa tena, usinga wa umanju anapewa Herman. Herman! Sauti ya mbuzi!

Ijumaa, 3 Julai
Mzee aliyenipa dawa ya ngoma, ile ya kuvuta watu, alinikataza kula kabla ya kucheza. Leo nimejaribu. Sindano, ndiyo. Uji, kwa kuku. Jua lilipopanda, mikono ikaanza kucheza yenyewe. Jasho, tena baridi! Nikagombana na jembe. Mbuke akauliza, Baba Theonest, umekula kweli? Nikamtukana. Akanibana pua, akanilambisha asali. Baada ya muda nikatulia. Hapo nikaelewa: dawa ya ngoma ilikuwa inapanda, asali ikaikata. Wanawake!

Jumamosi, 4 Julai
Kibuyu cha asali nimekificha ghalani. Sukari ya nyumbani nimempa jirani, Zipora. Mbuke anatafuta. Nimemsaidia kutafuta, kwa bidii sana.

Jumapili, 5 Julai
Nimeshinda! Nilidungwa, sikula. Wachimba dhahabu wote walikuwa upande wa Maganga, anacheza na chatu. Nikainua usinga. Miguu ikatetemeka. Nikaona Maganga wawili. Wanasema niliimba wimbo wa msiba, kisha nikaitaka ngoma iniombe radhi. Nikaanguka. Watu wakamwacha Maganga na chatu wake, wakanizunguka mimi. Wote! Mbuke akalia, atakufa huyu, leteni kitu kitamu! Aliyeleta asali ni Maganga. Akanipaka kidogo kidogo ndani ya shavu mpaka nikaweza kumeza. Aibu! Lakini wazee wakaamua: uwanja wangu umejaa, wake una chatu tu. Usinga ni wangu.

Jumatatu, 6 Julai
Eustace kaja kunigombeza. Kasema nimechungulia kaburi. Nikaitikia kila neno, ndiyo dresa, ndiyo dresa. Akafuata Maganga. Shikamoo nyingi, kisha akanong'ona: mzee, dawa gani ile ya kutetemeka? Nikajifanya nasinzia. Jioni nasikia kaenda zahanati kuomba adungwe! Kafukuzwa, lakini yule si mtu wa kuacha. Kesho namwambia Mbuke anidunge mara mbili, kabla Maganga hajajifunza kuanguka.