Uzinduzi wa Barabara ya Plastiki, Itifaki Ikiwa Imezingatiwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu wangu, aliyeshindwa kufika kutokana na hali ya barabara. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Maandalizi, wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu, na wa Kamati ya Kuzitazama Kamati. Viongozi wa dini zote, mliofika na mlioalikwa. Wataalamu, wadau, na wadau wa wadau. Mafundi, wachuuzi, wazee wetu mliokaa vitini na ninyi wengine mliosimama kwa hiari yenu kwa sababu viti vimekwisha. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu, wote waliokuja na mheshimiwa.)

Kabla sijaanza, naomba nianze kwa salamu yetu ya mradi. Barabara ya kijani! (Wananchi: "Tunasubiri mtambo!") Sijawasikia wale wa kule nyuma. Barabara ya kijani! (Wananchi, kwa uchovu: "Tunasubiri mtambo!") Ahsanteni sana. Mtu akiwasikia kwa mbali anajua hawa ni watu waliohamasishwa.

Nasimama kwenye baraza hii nikiwa nimevaa mabuti ya mpira ya muuza maji wenu, maana viatu vyangu nimeviacha pale kwenye tope, na hadi sasa juhudi za kuvipata zinaendelea. Najua kuna minong'ono. Kuna watu wanasema gari la mgeni rasmi limekwama. Naomba niweke rekodi sawa: gari halijakwama. Gari lile mnaloliona pale njiani, lililozama hadi mlangoni, na dereva wangu akiwa ndani yake kwa moyo wa kujitolea, kitaalamu linafanya upembuzi yakinifu wa udongo. (Kicheko.) Msicheke. Mngejua gharama ya upembuzi yakinifu, mngelishukuru gari lile.

Ndugu wananchi, miaka miwili iliyopita nilisimama hapa hapa, juu ya baraza ya mama fundi cherehani, nikawatangazia Mradi Jumuishi wa Barabara Rafiki wa Mazingira, ambao sisi wataalamu, kwa kuokoa muda, tunauita MJUBAMA. Niliwaeleza kwa kina, kwa muda wa saa tatu na nusu, kwamba dunia imebadilika, kwamba siku hizi taka za plastiki zinazoziba mitaro yetu na kuwakaba ng'ombe wetu zinaweza kukusanywa, zikaoshwa, zikakatwakatwa, zikayeyushwa pamoja na lami, na ikapatikana barabara isiyopasuka kwa jua wala kumeng'enyuka kwa mvua. Mama wa mkaa akauliza, "Nani atayeyusha?" Nikamjibu: mtambo. Na nikatoa ule mwongozo wangu ambao sasa unasomwa kwenye semina hata za watu nisiowajua: kusanyeni plastiki, kaeni nazo ndani, msizitoe nje, subirini mtambo. (Mzee mmoja: "Tumekaa!")

Mmekaa, na takwimu zinaonyesha mmekaa vizuri. Kwa mujibu wa ripoti yetu ya robo mwaka, ambayo tunaitoa kila baada ya mwaka na robo, malengo ya uhamasishaji yamefikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada tumeuwekea akiba mtaa wa pili. Kwa upande wa mazingira, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopata cheti changu: katika miaka miwili yote, mradi huu haujatoa moshi hata wa njiti moja ya kiberiti. Hatujakata mti. Hatujapasua jiwe kutafuta kokoto. Hatujamwamsha mgonjwa wala mtoto mchanga kwa ngurumo za greda. Nitajieni barabara nyingine duniani iliyojengwa bila kuchafua kitu chochote! (Sauti ya mwanamke: "Na bila kujengwa!" Kicheko kirefu.)

Namshukuru mama fundi kwa mchango wake, ingawa utaratibu ni kuandika swali kwenye karatasi na kulituma kwa karani. Mama fundi, kwa wageni wasiomfahamu, ndiye mwenye baraza hii, mwenye cherehani ile mnayoiona dirishani, na mwenye mkasi huu mkubwa uliolazwa kwenye mto mwekundu tayari kwa kukatia utepe ule uliokingama njiani, kwa kuwa mkasi wa ofisi umepotea. Na yule pale mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu, ni mama yake mzazi, bibi yetu sote. Shikamoo bibi. (Bibi: "Marahaba, baba. Utamaliza saa ngapi?") Karibuni tu, bibi. Niko kwenye utangulizi.

(Mama fundi anasimama: "Mheshimiwa, kwa heshima zote. Mama yangu hajavuka kizingiti hiki tangu mvua za mwaka jana. Kiti hakipiti, magurudumu yanazama. Mdogo wake anakaa pale chini, nyumba ya bati la bluu, hatua mia mbili hazifiki, naye magoti yamemkatalia kupanda. Wanaletewa salamu na mama wa mkaa kama watu walio nchi mbili. Wewe ulimwambia mwenyewe, mtambo ukija atateremka kwa kiti chake. Mtambo uko wapi?")

Swali zuri, na nitalijibu kwa mapana yake. (Bibi: "Mwanangu, usilipanue. Mimi lami siijui wala siidai. Nataka nikamwone mdogo wangu, nimpasulie ukweli kuhusu ile kanga yangu aliyoichukua, tukae, tucheke. Tunazeeka. Isije mmoja akasahau sura ya mwenzake.")

Bibi, nimekuelewa, na napenda kukuhakikishia kwamba jambo lako limo kwenye mpango mkakati, sura ya sita, chini ya kichwa cha habari "Uimarishaji wa Mahusiano ya Kindugu kwa Njia ya Miundombinu", ambapo wewe na mdogo wako mmetajwa kama walengwa wawili, wanawake, asilimia mia. Wahenga walisema subira huvuta heri. (Bibi: "Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo.") Walisema mengi wale, bibi, ofisi yetu imechukua lile la kwanza.

Nikirudi kwenye hotuba, ninasikitika kusema kwamba imenifikia taarifa ya ukiukwaji wa mwongozo. Mwongozo ulisema plastiki zihifadhiwe ndani. Haukusema zishonwe. Lakini nimeambiwa kwamba, baada ya mwaka wa kwanza, nyumba zenu zilipojaa mifuko na chupa hadi watu wakawa wanaingia vyumbani kwa ubavu, mama fundi huyu huyu, bila kibali, bila warsha, bila hata kuunda kamati, aliwafundisha majirani kuzikanyaga chupa zikawa bapa, kuikunja mifuko, kuipanga safu kwa safu ndani ya magunia, kisha kuyapiga mishono kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kutoka upande hadi upande kama godoro, ili yaingie chini ya vitanda. Sasa naambiwa mtaa una magunia sitini na moja ya namna hiyo, mapana, magumu, hayabonyei. Naambiwa mwalimu mstaafu amewalaza wageni juu yake na hakuna aliyelalamika. Ndugu zangu, hiyo ni malighafi ya mradi! Mtambo ukija utayatambuaje magunia yaliyoshonwa? (Sauti: "Utapiga hodi!" Kicheko.)

(Honi ya gari. Dereva, kupitia dirishani: "Mheshimiwa, linaendelea kushuka!")

Naarifiwa kwamba upembuzi yakinifu umevuka malengo. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa kuzingatia kwamba saa kumi nina uzinduzi mwingine wa barabara kama hii, natangaza matumizi ya dharura ya malighafi. Naomba kila kaya ilete magunia yake, yatandazwe kuanzia hapa barazani hadi kwenye gari na mbele ya gari, ili matairi yapate pa kushika. Ni kwa muda mfupi tu. Baadaye mtayafuta, mtayarudisha ndani, na mtasubiri mtambo.

(Watu wanatawanyika majumbani. Magunia yanatoka milangoni, mengine yakiwa bado na shuka. Yanatandazwa juu ya tope, moja baada ya jingine. Mama fundi anakanyaga la kwanza, anarukaruka. Halizami. Anamtazama mama yake.)

Vizuri sana. Mnaona jinsi serikali na wananchi wakishirikiana. Dereva, washa gari. Mama fundi, naomba upishe kidogo, gari lipite. Mama fundi? Kiti hicho unakipeleka wapi? Mama fundi, barabara haijazinduliwa! Kisheria haipo bado!

(Kiti cha magurudumu kinashuka kutoka barazani kwenye gunia la kwanza. La pili. La tatu. Mama wa mkaa: "Jamani, kinakwenda!" Vigelegele. Bibi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Waliosema hivyo hawakukosea!" Kiti kinalipita gari. Dereva anafungua kioo na kumpigia bibi makofi.)

Utepe! Angalieni utepe, kiti kitanasa kwenye utepe! Huo ni wa mgeni rasmi! Na mkasi, nani amechukua mkasi? Ulikuwa hapa kwenye mto! (Bibi anapewa mkasi na mwanawe. Anakata utepe. Anausokota, anauweka kifuani: "Nitamfungia mdogo wangu kilemba.")

Basi, rekodi zionyeshe kwamba barabara imezinduliwa rasmi kwa niaba yangu. (Magunia yameisha, nyumba ya bati la bluu bado iko mbali. Mwalimu mstaafu anang'oa gunia la nyuma kabisa, analipeleka mbele. Wengine wanafuata. Njia inasonga na bibi. Inayobaki nyuma ni tope tu.) Ndugu wananchi, msiyatoe hayo yaliyo chini ya matairi. Nasema msiyatoe. Naona mmeyatoa. Haidhuru. Kwa wale mliobaki, naendelea na ukurasa wa tisa. (Wamebaki watatu. Wawili wanashuka kwenda kusaidia.)

Ninaona kutoka hapa mlango wa bati la bluu umefunguliwa. Ninaona mama mzee anatoka kwa mkongojo. Amesimama. Ameweka mkono mdomoni. Sasa ameinama, wameshikana, na sisikii wanachosema kwa sababu ya vigelegele, ila nimesikia neno "kanga". (Mheshimiwa anapangusa jicho kwa kona ya hotuba.) Mtaniwia radhi. Limeniingia vumbi jichoni. (Aliyebaki: "Kwenye tope hili?") Ni vumbi la kitaalamu.

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe wa kamati zote tatu kwa vikao hamsini na viwili. Namshukuru mchoraji wa nembo. Na zaidi ya wote namshukuru karani wangu wa masijala, ambaye leo asubuhi nilimwomba jalada la mradi ili nipate kuwasomea jina kamili la mtambo na tarehe ya kuwasili, naye akanipa jalada hili la kijani, ambalo nimejikingia manyunyu kichwani njia nzima na ambalo sasa nalifungua kwa mara ya kwanza mbele yenu, yaani mbele yako wewe ndugu yangu uliyebaki. Ndani yake kuna karatasi moja. Ni kadi ya mwaliko wa sherehe hii. (Anaigeuza.) Nyuma kuna nembo.

Barua ya kuagiza mtambo siioni. Wala ya kuulizia bei yake, wala ya kuuliza kama kuna kitu cha namna hiyo. Mimi nilijua naibu ameagiza. Naibu, nilipomuuliza mwezi uliopita, alisema anasubiri mtambo, nikafurahi kwamba tunasema lugha moja. Kumbe sote tulikuwa tunaitikia salamu. Sikuwadanganya, ndugu zangu, naomba mniamini katika hilo moja. Mimi pia nilikuwa naungoja. (Aliyebaki anainuka, anampa pole, anateremka kwenda kwa wenzake.)

Mradi, basi, haukuwahi kuwapo. Barabara mmeitengeneza wenyewe, ikatumika, na sasa iko kwenye ua wa nyumba ya bati la bluu. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Ila jamani! Ninyi huko chini! Mama fundi! Nitaomba magunia manne tu ya gari langu, nitayarudisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Hamnisikii? Barabara ya kijani!

(Kutoka chini, mtaa mzima, kwa sauti moja, na bibi akisikika kuliko wote: "Kaa nalo hapo, usilitoe! Subiri mtambo!" Dereva anamfungulia mlango: "Ingia ndani, mheshimiwa. Mvua inaanza.")