Mama Yuko Dakika ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 5 Agosti. Arua.
Dada yangu Ritah amepiga simu kutoka Koboko. Jumapili ni mwaka mmoja tangu Mama atutoke. Anataka kuisikia sauti yake tena, ile ya kwenye video ya harusi, Mama anasonga ugali wa muhogo huku akiimba na kuwatania wakwe. Video iko kwenye laptop yangu tu. Nimemwambia asiwe na shaka. Mama anaingia dakika ya thelathini na moja. Betri inafika dakika ishirini na tano tu. Lo!

Jumanne, 6 Agosti.
Nimekwenda kwa Ruqaiya, fundi. Kasema betri iko mzee: nisiiache kwenye joto, nisiimalize mpaka sufuri, nipunguze mwanga, na Koboko niende na chaja. Yote sawa, ila chaja hapana. Umeme wa kule ni sola ya Andama, mume wa Ritah. Nimwombe Andama, aliyeicheka suti yangu siku ya harusi yao? Thubutu!

Alhamisi, 8 Agosti.
Laptop imelala juu ya mtungi wa maji, ipate ubaridi. Mwanga nimepunguza mpaka bibi harusi hatofautiani na bwana harusi. Nikapima mara nne, mpaka inazima. Dakika thelathini na mbili! Kisha nikachomeka waya, nikamtazama Mama. Anapuliza moto, anafuta jasho kwa kitenge, anaimba. Nikawa mtoto tena kule Ayivu, nangoja ukoko. Ah, Mama wangu. Nimelia kidogo.

Jumapili, 11 Agosti. Koboko.
Nyumba imejaa. Ritah akaomba tuanzie kwa Mama moja kwa moja. Nikakataa, tukaanza mwanzo kabisa. Dakika ya tisa iko hotuba yangu, nimevaa suti ya kijivu, tumbo sina! Wakavumilia. Mama akatokea, mwiko mkononi, akafungua kinywa... giza. Ritah akaangua kilio. Andama akauliza kwa upole chaja iko wapi. Nikasema nimesahau. Machozi ya dada yangu yamenichoma.

Jumatatu, 12 Agosti. Arua.
Ritah amenisamehe. Tutarudia Jumapili, ila niende na chaja na tuanzie kwa Mama. Andama naye kasema sola ni ya familia, nisione haya. Maneno mazuri, lakini sina haja nayo. Kosa nimeshaligundua. Kinachomaliza betri ni sauti! Jumapili tunaanza na hotuba yangu, na sauti naizima kabisa, mpaka mwisho.