Mgongo wa Mjomba Boikanyo

Jumamosi, 7 Septemba
Nimetoka mahabusu asubuhi hii. Mimi! Boikanyo, mjomba mkubwa wa ukoo, msemaji wa posa! Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi mwa dada yangu, Gaolatlhe. Tangu kituoni hadi nyumbani alitembea mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Ukweli niuandike hapa tu. Jana nilikuwa natoka kilabuni na gari. Nikaona taa na watu wamesimama kando ya barabara, nikadhani wachoma nyama. Nikasimama mwenyewe, nikashusha kioo, nikaagiza mbavu zisizo na mafuta mengi. Kumbe kizuizi cha polisi. Askari alikuwa na adabu sana. Aliniuliza kama na pilipili nitapenda, kisha akanipa kile kidude cha kupuliza, cha kupimia pombe.

Kesi Alhamisi. Jumamosi ijayo tunakwenda kwa akina Ramotlhwa kumposea mke Oarabile, mtoto wa dada. Wakijua mjomba kalala mahabusu, posa imeingia mchanga. Oarabile nimemwambia mgongo umenikamata. Si uongo mkubwa. Nimekamatwa kweli.

Jumapili, 8 Septemba
Phenyo, rafiki yangu wa kilabuni, amekuja na mpango. Wakili wa nini? Yeye atasema ndiye aliyekuwa anaendesha! Nikamkumbatia. Tukaenda nyuma ya zizi kufanya mazoezi, mimi hakimu, yeye shahidi. Nikamuuliza kama siku hiyo alikuwa amekunywa. Akajibu kwa fahari, "Sana, mheshimiwa!"

Tukatazamana. Akakumbuka kwamba mbuzi wake hawajanyweshwa maji. Akaondoka.

Dada alisikia yote. Akasema tu, "Kaka, tafuta wakili." Alikuwa anapiga pasi koti langu la posa. Nikashindwa kumwangalia.

Jumatatu, 9 Septemba
Akili! Wakili wa hapa Palapye atanijua, na mke wake atanijua, na jirani wa mke wake. Nikapanda basi hadi Mahalapye, miwani nyeusi usoni. Nikapata ofisi ya wakili wa kike, Mma Segole. Mama mtulivu, anasikiliza bila kupepesa. Nikamweleza yote, hata zile mbavu.

Akauliza kwa nini nilikunywa. Nikaona nimchekeshe kidogo.

"Mama, wewe huwajui akina Ramotlhwa wa Palapye. Ukienda kuposa kwao bila kulipasha koo moto wiki nzima, watakutafuna mbichi!"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nawajua," akasema. "Segole ni jina la mume wangu. Mimi ni Ramotlhwa. Binti mnayemposa ni wa kaka yangu."

Sikujua pa kuuweka uso. Nikavaa miwani. Ndani ya nyumba!

Akanieleza bila hasira. Yeye hawezi kunitetea, maana Jumamosi atakaa upande wa pili wa mkeka. Atanikabidhi kwa wakili mwenzake, kijana Kgosietsile. Na niliyoyasema humo hayatatoka kinywani mwake, hata kwa kaka yake. Sheria imemfunga mdomo. "Lakini niliyefungwa mdomo ni mimi, baba, si wewe. Kawaambie mwenyewe."

Kwenye basi nimeyatafakari sana maneno yake. Nikafurahi mno. Amefungwa mdomo! Siri iko salama!

Alhamisi, 12 Septemba
Kgosietsile aliniagiza mambo mawili tu. Nikiri kosa. Ninyamaze.

Nilikiri vizuri. Kijana akaniombea: kosa la kwanza, hakugonga mtu, amejuta. Hakimu akaanza kulainika, nilimwona. Nikafikiri nimsaidie kijana. Nikanyoosha mkono, nikaeleza kwamba barabara ile ingekuwa na mchoma nyama halisi, haya yote yasingetokea.

Watu walicheka. Hakimu akangoja kicheko kiishe. Akaniuliza: kama pale kando angesimama mtoto na si askari, ningemwagiza nini?

Nikaushusha mkono.

Faini, na leseni imefungiwa mwaka mzima. Kgosietsile alitegemea miezi michache. Akafunga mkoba wake polepole, kama mtu anayemfunika marehemu. Faini kalipa dada, kwa akiba yake ya nguo ya harusi. Nilimwambia nitarudisha. Akasema, "Najua, kaka," kwa sauti ile anayomtulizia mgonjwa.

Jumamosi, 14 Septemba
Siku ya aibu. Niandike haraka.

Oarabile ndiye aliyeendesha. Tukafika, tukakaa. Mma Segole yuko mbele yangu, shali begani, kama hajawahi kuniona. Nikasema maneno ya posa, yakatoka matamu. Kisha Mzee Ramotlhwa, baba wa binti, akauliza, imekuwaje mjomba, anayesifika kwa kuendesha mwenyewe, leo kaletwa na bwana harusi?

Gaolatlhe akanijibia. Gaolatlhe, ambaye hata mtoto hamdanganyi kwamba dawa ni tamu!

"Ni mgongo, Baba. Unamsumbua."

Mzee akafurahi mno. Kumbe migongo ndiyo kazi anayoipenda! Nikavuliwa koti, nikalazwa kifudifudi mkekani mbele ya koo mbili. Mafuta ya kondoo. Kitambaa cha moto. Akanibonyeza kama unga wa maandazi. Hapa? Na hapa je?

Pale chini nilichokiona ni miguu ya dada tu. Alikuwa amekunja vidole, kama utotoni alipongoja kuchapwa kwa makosa yangu.

Nikauambia mkeka: "Mzee, mgongo ni mzima. Mbovu ni mimi." Nikasema yote. Kilabu, mahabusu, hakimu, uongo. Mbavu pia, sijui kwa nini.

Mma Segole ndiye aliyesema kwanza: "Kaka, mwondolee mkono."

Mzee akajifuta mafuta. Akasema binti watampa kijana, kijana hana kosa. Ila msemaji wa harusi atafutwe mjomba mwingine. "Na wewe, shemeji, siku hiyo utakunywa chai." Wanawake wakacheka hadi wakashikana. Nikavaa koti langu mwenyewe, mkono mmoja umegeuka ndani nje. Hakuna aliyenisaidia. Njia nzima Oarabile hakunitazama. Dada alinitazama mara moja, akalia, akanishika kiwiko.

Jumapili, 15 Septemba
Nimeapa. Pombe basi! Uongo basi! Nitaishi kama Gaolatlhe. Nimemwambia, akaniwekea uji.

Mchana Phenyo amekuja kunifariji. Hakuja na pombe, namshukuru. Alikuja na swali: hakimu alifungia leseni ya gari, siyo? Alitaja punda? Nikafikiri. Hakutaja punda! Phenyo ana mkokoteni na punda wanne, hawanywi, na njia ya kutoka kilabuni wanaijua kuliko sisi.

Kesho tunawajaribu. Nitakunywa kidogo tu, ili jaribio liwe la haki. Dada akiuliza, tumekwenda kutafuta dawa ya mgongo.