Mgeni Mwenye Saa za Osaka

Jumatatu, 3 Juni
Shunpei ametua. Tulisomea useremala pamoja hapa Aarhus, kisha akarudi kwao Osaka. Nimempa kitanda changu, mimi nimechukua kochi. Si ukarimu mtupu. Jumamosi jioni nimemwalika Vibeke, yule mrembo wa ghorofa ya chini, kwa chakula, na Shunpei atamsimulia jinsi nilivyomwokoa asizame bandarini. Ni kweli mmoja wetu alizama. Nimemwomba tu abadilishe nani alikuwa nani. Akakubali, macho kashayafumba. Jua bado kali, yeye kalala na viatu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeamka, kitanda kitupu. Akarudi ninapiga mswaki, ana mkate wa moto kwapani. Anasema usingizi ulimwisha alfajiri, akatoka ili asiniamshe. Vizuri. Ila jioni, tukifanya mazoezi ya kisa chetu, alisinzia kwenye neno “mawimbi”. Mtu wa hivi Jumamosi atanifaa nini? Lazima nimrekebishe saa zake.

Jumatano, 5 Juni
Dawa ya kwanza: asilale mchana. Nimeomba ruhusa kazini, nikamzungusha mji mzima kwa baiskeli. Kwenye taa nyekundu akasinzia, akaniangukia. Yeye mzima. Mimi goti limevimba. Nikamnywesha kahawa nyeusi, nami nikanywa nyingi ili asijione mpweke. Yeye akalala fofofo. Mimi nilihesabu nyufa za dari.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa ya pili: giza. Jua letu la Juni, linalochomoza mapema mno, ndilo linalomwamsha, nikaona, kwa hiyo jana usiku, nilipokosa usingizi, nilipigilia mablanketi kwenye madirisha yote. Yamefanya kazi. Nimelala hadi karibu mchana. Bosi amenuna. Shunpei alikuwa ametoka zamani.
Kwenye ngazi nikakutana na Vibeke. Akamsifu sana mgeni wangu. Kumbe kila alfajiri wanatembeza mbwa wake pamoja. Akaniuliza kama mimi huwa siamki mapema. Nikamwambia naamka, ila naamkia ndani.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemhoji Shunpei wanazungumza nini. Mbwa, anasema. Mkate. Mbao. Nikauliza kama nami natajwa. “Mara nyingi tu, Preben,” akanijibu, akalala na uma mkononi.

Jumamosi, 8 Juni
Vibeke kaja na gauni la bluu. Shunpei akajitahidi, maskini. Akaanza: “Siku hiyo Preben alikuwa anazama...” Nikampiga teke chini ya meza. “Samahani. Mimi nilikuwa nazama. Preben akapiga kelele za kuomba msaada...” Kichwa kikatua kwenye bakuli la viazi.
Vibeke akamvua miwani, akamfuta mchuzi shavuni, akamwekea kitambaa chini ya kichwa, taratibu kama anayelaza mtoto. Nikaona nimalizie kisa mwenyewe, kwa sauti ya chini. Niliongeza dhoruba.
Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Alishaniambia kilichotokea, Preben, tangu Jumanne. Akasema yeye atasinzia, wewe utasimulia, na nisikukatize, kwa sababu wewe ni rafiki mwema.”
Nikampa viazi vya upande wa pili wa bakuli. Akavila.

Jumapili, 9 Juni
Shunpei ameahirisha kurudi. Vibeke ana chumba cha ziada, na Shunpei anakaa huko hadi vuli. Begi nimemshushia mimi, maana ilipofika zamu yake alikuwa kalala juu yake. Mlangoni alinikumbatia kwa muda mrefu. Nusu ya muda huo nadhani ilikuwa usingizi.
Nimerudi juu, nimeketi, nimetafakari kosa langu kwa unyofu wote. Nimelipata. Osaka iko mashariki. Mtu wa mashariki akija kwetu huamka alfajiri, jioni hafai kitu. Wa magharibi ni kinyume chake: asubuhi maiti, jioni mchangamfu. Nina binamu Toronto. Na ghorofa ya juu amehamia mwalimu wa muziki, Merete, mwanamke mcheshi, hana mbwa.
Binamu amekubali kuja Agosti. Nimeshamtumia maneno yake ayakariri.