Ruksa ya Kutoamkia

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Songea ilitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba chanzo cha mji kurudi nyuma kimaendeleo kimepatikana. Chanzo hicho ni mkono wa kulia wa Pankrasi Komba.

Aliyetangaza ni Bwana Otto Ndunguru, Mkurugenzi wa Idara ya Michezo Mipya, na wala hakuwa akitania. Bwana Otto aliacha utani siku aliyopewa kiti cha kuzunguka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua baa, ruksa kuwa na chama chako, ruksa kupiga mswaki kwa dawa ya rangi uitakayo. Bwana Otto akaona michezo nayo isiachwe nyuma. Marafiki wa ng'ambo wakaleta kontena la vifaa vya besiboli. Ndani mlikuwa na glavu arobaini, zote za mkono wa kushoto, naye akawaandikia barua ya upole kuwakumbusha kwamba Mtanzania ana mikono miwili. Magongo ya kupigia mpira yalikuwa ishirini. Alipotangaza kwamba vijana wajitokeze Jumamosi kupewa gongo bure, walijitokeza mia tatu, wengi wao wakiwa na chupa.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mrushaji anarusha mpira, mwenye gongo anajaribu kuupiga. Akiupata, anakimbia kuzunguka mifuko minne ya saruji. Akiukosa mara tatu, mwamuzi anasema "nje", naye anakwenda kukaa. Mengine yote ni kelele za mashabiki.

Mrushaji wa Songea alikuwa Pankrasi, tarishi wa Idara. Kijana huyu alikulia shambani akilinda mahindi, na ngedere wa upande ule walimfahamu kwa jina. Jiwe lake halikuwahi kupotea. Lakini timu ilipokutana na Tunduru alirusha mipira laini, ya kubembeleza, mtu angeweza kuipiga kwa mwiko. Songea ikafungwa. Timu zikarudiana, ikafungwa vibaya zaidi.

Hayo yote Bwana Otto angeyavumilia. Kilichomnyima raha ni bahasha ya kaki iliyotoka Dar es Salaam. Ilisema mgeni atakuja kutazama mechi ya tatu, na idara isiyo na matokeo itapunguzwa. Miaka ile watu walipunguzwa kama mchele unavyopepetwa, na Bwana Otto alikipenda kiti chake. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa mpaka akaunda kamati.

Kamati ya Kuchunguza Mwenendo wa Fikra za Mrushaji ilikutana kilabuni kwa Mama Lidwina, kwa kuwa ukumbi wa Idara ulikuwa umepangishwa kwa muuza mitumba. Wajumbe walikuwa watano, Bwana Otto akiwa mwenyekiti. Waliochangia walikuwa kilabu kizima.

Mzee Bakili, fundi baiskeli wa Bombambili, alishikilia kwamba kiwiko cha kijana kimekauka na kinataka grisi. Mwalimu Saimon, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mechi, alisema mkono hauna neno, tatizo ni kichwa: Pankrasi anafikiri mno, na mtu anayefikiri hafai kurusha kitu. Bakili akamuuliza ni lini kufikiri kulimfanya mtu arushe kama anayempa mgonjwa uji. Mwingine akasema kijana karogwa na Watunduru. Hoja hiyo iliandikwa kwenye muhtasari chini ya Mengineyo. Kufikia saa kumi jioni wajumbe wawili walikuwa hawasemezani, na mmoja alikuwa anaonyesha urushaji sahihi kwa kutumia kikombe cha watu.

Mama Lidwina alikuwa akigawa pombe yake ya komoni na kuwasikiliza tu. Mwishowe akachoka.

"Nyie wanaume, hamna macho? Mechi ya kwanza vijana wa Tunduru waliokuja mwanzo wote walitolewa nje. Wakaingiza babu mmoja, akaupiga mpira mpaka kwa jirani. Mechi ya pili wakaleta wazee tisa. Mnafikiri kwa nini?"

Pankrasi akaitwa, akaja mbio, akawaamkia wote mmoja mmoja kuanzia mkubwa. Jambo hilo lilichukua muda. Akaulizwa.

"Mzee anasimama pale, mvi zote hizo," alisema, macho chini. "Nimeshamwambia shikamoo, kaniitikia marahaba. Sasa Bwana Mkurugenzi, nitamtupiaje mtu kwa nguvu baada ya marahaba?"

Bwana Otto alijisikia mwepesi kama aliyetua gunia. Basi ugonjwa una jina! Muhtasari ukaandika: ziada ya adabu. Na ugonjwa wa kiofisi hutibiwa kiofisi. Kesho yake asubuhi Pankrasi aliingia ofisini, akasema shikamoo, na Bwana Otto akamjibu kama alivyomjibu kila siku kwa miaka minne, yaani kwa kumsogezea faili. Ila leo faili lilikuwa na barua yenye jina la Pankrasi mwenyewe:

"Ndugu P. Komba anapewa ruksa ya kutomwamkia, kutomwonea haya wala kutomhurumia mtu yeyote atakayesimama mbele yake akiwa ameshika gongo, bila kujali umri, dini wala cheo cha mtu huyo."

Neno cheo Bwana Otto aliliongeza mwenyewe, kwa kuwa sentensi bila hilo ilionekana fupi. Akasaini, akapiga muhuri mara mbili. Pankrasi akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Siku ya mechi uwanja ulifurika. Tunduru walishuka kwenye basi na wazee wao tisa, mmoja ana mkongojo. Mgeni wa Dar es Salaam, Bi Wema, mama mfupi mwenye daftari, alikaa kivulini. Bwana Otto alikuwa amevaa suti mpya ya Kaunda, na amepanga jambo: mpira wa kwanza ataupiga yeye, kufungua mashindano, na mpiga picha amnase akiwa ameinua gongo. Alitaka mgeni aone idara yenye mkurugenzi. Kumweleza Pankrasi hakuona haja. Mkubwa hajielezi kwa tarishi.

Akasimama, akashika gongo, akatabasamu upande wa kamera.

Mpira ulipita ukilia. Bwana Otto hakuuona. Aliusikia tu ukigonga glavu ya mdakaji nyuma yake, paa, na Mwalimu Saimon akisema, "Moja."

Uwanja ulilipuka. Bakili alimrukia adui yake wa kamati, wakakumbatiana. Bwana Otto akakohoa, akashusha sauti.

"Pankrasi. Ni mimi."

Pankrasi akatoa barua mfukoni, akaisoma taratibu mpaka chini kwenye muhuri, akairudisha.

"Nakuona, Bwana Mkurugenzi," alisema kwa upole kabisa. "Umeshika gongo."

"Mbili," akasema Mwalimu Saimon muda mfupi baadaye.

Mpira wa tatu Bwana Otto aliamua kuupiga kweli. Alizungusha gongo kwa nguvu zote za Idara, akazunguka nalo, akakaa chini kwenye vumbi akitazama milima ya Matogoro. Kamera ikalipuka hapohapo. "Tatu," alisema mwamuzi. "Nje."

Bwana Otto alikataa. Alisema ule ulikuwa ufunguzi, na ufunguzi hauna makosa. Bi Wema akaiomba ile barua, akaisoma mara mbili, akaandika kitu kwenye daftari. Bwana Otto akaenda kukaa nje pamoja na wachezaji wa akiba, na kutoka pale, hana cha kuamuru, akatazama Songea ikiwatoa wazee tisa wa Tunduru mmoja baada ya mwingine. Wa mkongojo ndiye aliyecheka kuliko wote. Mji ulilala ukiimba.

Bahasha ya kaki ilifika baada ya wiki mbili. Bwana Otto aliifungua akiwa amesimama.

Bi Wema aliandika kwamba katika mikoa yote aliyozunguka, hiyo ndiyo barua ya kwanza ya serikali aliyoiona ikitekelezwa kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo Idara inabaki, na tarishi P. Komba ataikaimu. Aidha, kwa kuwa imethibitika mbele ya mashahidi elfu mbili kwamba Idara hufanya kazi vizuri Mkurugenzi akiwa nje, nafasi ya Mkurugenzi imepunguzwa.

Alikusanya kalamu zake, akatoka. Mlangoni akakutana na Pankrasi. Bwana Otto akashtuka, akaitazama mikono yake mwenyewe, wa kulia na wa kushoto. Haikuwa na gongo.

"Shikamoo, Bwana Otto," alisema Pankrasi.

Hapakuwa na faili la kumsogezea.

"Marahaba," akaitikia, kwa mara ya kwanza.