Jino Moja la Handbreki

Fundi Maneno aliiona taa kabla hajaliona gari vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, kiti cha abiria kilichong'olewa zamani kwenye gari la mtu, pembeni ya pale wanapooshea magari, na macho yake yalikuwa yanatembea kwenye madirisha ya wateja kama kawaida. Ndani ya gari dogo kuukuu, rangi ya maziwa, kulikuwa na nukta nyekundu inawaka mbele ya usukani. Nyuma ya usukani alikaa mama mmoja wa makamo, ameikazia macho ile nukta kana kwamba ni nge kaingia chooni.

Fundi Maneno alijisemea kuwa riziki haina saa, akainuka na kujipangusa suruali.

Tuelewane mapema kuhusu ufundi wake. Hakuwa na gereji, hakuwa na jeki, na boneti alizowahi kufungua zilikuwa chache kuliko harusi alizokula bila kualikwa. Alikuwa na bisibisi moja mfukoni mwa shati, ya kuonekana, na mdomo. Wateja wake walikuwa wenye magari ya zamani yanayowaka taa, kwa sababu mwenye gari jipya ana fundi wake, lakini mwenye gari la zamani ana hofu tu. Huweka sikio kwenye dashibodi, hufumba macho, hutaja magonjwa, kisha hutibu kwa kubandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa. Taa haionekani tena, mteja anashukuru, na yaliyobaki anaachiwa Mungu.

Alikuwa na desturi moja aliyojivunia. Tangu mteja fulani aliporudi na kaka zake wenye vifua vipana, hakufanya tena biashara bila mashahidi. Humwita mama muuza chai na nyapara wa waosha magari, hutaja ubovu wote kwa sauti mbele yao, kisha huuliza kila upande kama umesikia. Asije mtu kesho akasema hakuambiwa. Wenye shule zao wana wanasheria. Yeye alikuwa na muuza chai, na hajawahi kushindwa kesi.

Lakini siku hiyo hakuwa na haja ya kubandika utepe. Alikuwa na haja ya gari.

Jumapili alitakiwa ukweni. Mchumba wake alikuwa mshonaji wa nguo, binti mpole mwenye kucheka kwa pua, na Fundi Maneno alimpenda. Hilo ndilo neno pekee tutakalosema juu yake bila mzaha. Bahati mbaya alikuwa amemwambia baba wa binti kuwa ana gereji na gari. Alipoulizwa gari liko wapi akasema liko kwenye rangi. Gari lile lilikaa kwenye rangi hadi mzee akaanza kuuliza kama linapakwa kwa kijiti cha kiberiti, kisha akatoa kauli: Jumapili njoo nalo, nilione, au usije kabisa.

Mali yake halisi ilikuwa pikipiki moja nyekundu. Aliipenda pia. Wiki iliyopita aliibadilishia balbu ya taa ya nyuma kwa mikono yake, na ilikuwa kazi ya ufundi pekee aliyoifanya mwaka ule.

"Shikamoo, mama," alisema, akiinama dirishani.

"Marahaba, baba. Samahani, wewe ni fundi?"

Alikubali kwa unyenyekevu. Mama akamweleza kwamba gari ni la marehemu mumewe, kwamba yeye mambo ya magari hayajui, na kwamba hiyo taa inamkosesha usingizi. Fundi Maneno aliingiza kichwa ndani kwa heshima. Pale pale akaona kinachoiwasha. Handbreki ilikuwa haijashuka yote. Ilikuwa imebaki juu kwa jino moja tu, kitu ambacho mtu aliyezoea hukigundua kwa jicho moja.

Fundi yeyote wa kweli angenyoosha mkono, akaishusha, akasema jaribu sasa, mama, na sisi tungekuwa tumemaliza habari hii. Fundi Maneno alitoa kitambaa chake begani, akakitandika juu ya ile handbreki kana kwamba anatafuta tu mahali pa kukiweka. Kisha akalaza sikio kwenye dashibodi na kufumba macho.

Alikaa hivyo mpaka waosha magari wawili wakapunguza maji ili wasikie.

"Mama," alisema hatimaye, kwa sauti ya kutoa pole. "Mafuta ya breki yanavuja gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Mpira wa silinda umekufa. Na bomba lake limeliwa na kutu."

Hayo aliyaokota tu, kama mtu anavyochagua nyanya za juu sokoni. Lakini mama alishtuka sana. Alimgeukia, akamtazama upya kutoka viatu mpaka bisibisi, na uso wake ulikuwa umelainika.

"Umejuaje bila kufungua kitu?"

"Wengine wanafungua, mama. Mimi nasikiliza."

Mama akamuuliza, kwa upole mkubwa, sasa angemshauri nini, kama angekuwa mama yake mzazi. Swali hilo lilikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na mtu mwingine angepita. Fundi Maneno alilisikia, akahisi kitu kidogo kinamgusa kifuani, akakisukuma pembeni. Alisema kama angekuwa mama yake angemkataza kabisa kulikalia hilo jeneza. Vipuri vyake havipatikani. Atakayelinunua atalinunua kama chuma chakavu. Yeye mwenyewe, kwa huruma tu, na kwa sababu ya marehemu, angeweza kulichukua alibomoe.

Uso wa mama ukarudi ulivyokuwa. Akasema sawa, lakini hela hazitaki, maana hela akizipata hapa, kabla hajafika nyumbani ndugu wameshazipangia matumizi. Akaangaza macho huku na huku, yakatua kwenye pikipiki nyekundu.

"Ile ya nani?"

Fundi Maneno alikiri kuwa ni yake. Alijaribu kuitukana ile pikipiki, akasema inakunywa mafuta, ina kiburi asubuhi. Mama akasema haidhuru, kuna binti nyumbani anahangaika na mizigo, itamfaa hivyo hivyo. Asipoipata, basi ataliendesha gari lake polepole mpaka kwa fundi mwingine aliyeambiwa yuko kule mbele, apate maoni ya pili.

Maoni ya pili ni kitu ambacho Fundi Maneno hakuwahi kukiruhusu. Alihesabu haraka kichwani. Gari zima, kwa pikipiki. Ubovu wake wote ni jino moja la handbreki. Na Jumapili iko mlangoni. Alikubali, huku anahema kama mtu anayetoa sadaka.

Mashahidi waliitwa. Mama muuza chai alikuja anafuta mikono, na nyapara alikuja na mpira wa maji bado unadondoka. Fundi Maneno alisimama katikati yao, akasafisha koo, akatangaza kwamba gari hili breki zake ni mbovu, linavuja nyuma kushoto, mpira umekufa, bomba lina kutu, na kwamba yeye analichukua akijua hivyo, kwa kubadilishana na pikipiki nzima isiyo na deni wala dosari. Akauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Mama muuza chai alisema amesikia vizuri sana, na akakohoa, kwa sababu ambayo Fundi Maneno hakuitilia maanani.

"Basi niahidi kitu kimoja mbele yao," mama alisema. "Usiliendeshe, mwanangu. Livutwe. Sitaki roho ya mtu shingoni mwangu."

Aliahidi, mkono kifuani. Mama akampa funguo, akajifunga gauni vizuri, akaipanda ile pikipiki, akaiwasha kwa kiki ya kwanza na kuondoka. Fundi Maneno alibaki mdomo wazi kidogo. Alimuuliza muuza chai kama yule mama ni mgeni mtaa huu, akaambiwa juzi alikuja kunywa chai hapa, akakaa muda mrefu, hana maneno mengi.

Mashahidi waliporudi kwenye kazi zao, aliingia garini, akaondoa kitambaa, akaishusha handbreki kwa kidole kidogo, kwa madaha. Akasubiri taa izimike.

Haikuzimika.

Aliipandisha, akaishusha tena. Akaigonga dashibodi. Taa iliendelea kumtazama. Fundi Maneno aliwaza kuwa swichi imeshika kutu, magari ya zamani ndivyo yalivyo, na akafanya alichowafanyia watu wote: alikata kipande cha utepe mweusi, akakibandika. Alijitibu kwa dawa yake mwenyewe, na kama wagonjwa wake wote, alijisikia nafuu mara moja. Kufungua boneti hakukumjia akilini. Ule ubovu aliutunga mwenyewe, sasa aukague wa nini?

Kesho yake aliliosha hadi likang'aa. Aliona gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa ndani, akasema ni maji ya sabuni. Alisahau kwamba upande ule alikuwa bado hajaumwagia maji.

Jumapili alivaa shati la pasi na kuendesha kwa kiwiko dirishani. Mitaa ya kwetu mingi ni tambarare, na kwenye tambarare kila gari lina tabia nzuri. Lakini nyumba ya wakwe ilikuwa chini ya mteremko. Katikati ya mteremko aligusa breki, na pedali ikashuka mpaka sakafuni kwa ulaini, bila ubishi wowote. Akaikanyaga tena. Ilikuwa sawa na kukanyaga godoro.

Hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye pole, ikisema nyuma kushoto, mpira umekufa, bomba limeliwa na kutu. Maisha yake yote alikuwa amedanganya watu wakamwamini. Siku moja akasema kweli tupu, neno kwa neno, na mtu pekee ambaye hakumwamini ni yeye.

Alirudisha gia, injini ikalia. Alirudisha nyingine. Geti la wakwe likawa linakuja. Akaomba kwa majina yote aliyoyakumbuka, akaishika handbreki kwa mikono miwili na kuivuta meno yote yaliyobaki. Gari lilikoroma, likayumba, likafika kwenye geti kwa mwendo wa kobe, likalisukuma kwa pua taratibu mpaka likafunguka lote, kisha likasimama katikati ya ua.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti, gazeti mkononi. Mama mkwe alikuwa na trei. Mchumba alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Na kando yake, chini ya kivuli cha paa, ilisimama pikipiki nyekundu, na juu ya kiti cha pembeni amekaa yule mama.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Si niliomba livutwe?"

Baba mkwe alimtambulisha. Huyu ni dada yangu, anakaa mbali, amekuja kwa ajili ya shughuli yako. Shangazi wa binti, kwa maneno mengine, na wote tunajua kwamba baba anaweza kukubali, mama anaweza kukubali, lakini shangazi akikataa, watu hukunja mikeka.

Fundi Maneno alishuka. Akaanza na lile ambalo kila aliyeibiwa huanza nalo. Alisema ameuziwa gari bovu.

"Nani kakuuzia bovu?" Shangazi aliuliza. "Wewe ndiye uliyenieleza ubovu wake, mbele ya muuza chai. Au tumwite?"

Baba mkwe alikuwa ameshaingiza mkono dirishani. Aliubandua ule utepe kwa kucha. Taa nyekundu ikawaka mbele ya ukoo mzima, na mzee akauliza kama hii ndiyo rangi iliyokuwa inangojewa muda wote.

"Nitakwambia ukweli," Shangazi alisema, na sauti yake haikuwa na dhihaka. "Handbreki niliiacha juu makusudi, nione kama utaniambia niishushe. Ungeishusha, ungeona taa bado inawaka kwa mafuta ya breki yaliyopungua, ungefungua, ungekuta kinachovuja. Fundi wangu alikwishakikuta. Ulipoyataja yote bila kugusa kitu, nilishtuka. Nilisema huyu ni mtu wa ajabu, jamani, binti yetu kapata. Ndiyo maana nikakuuliza ungemshauri nini mama yako. Kisha nikaona unalitaka gari."

Fundi Maneno alimgeukia mchumba wake.

"Mimi nilikutetea," binti alisema. "Nilimwambia Shangazi, ataishusha tu, mtaona. Nilikuwa na uhakika kabisa."

Hilo lilimuuma kuliko pikipiki. Hatutamwonea, lilimuuma kweli.

Hukumu ilikuwa fupi. Kufukuzwa hakufukuzwa. Alitengeneze gari kwa mikono yake, hapo hapo uani, watu wakiona. Siku atakayosema liko tayari, Shangazi atakaa kiti cha mbele, na wateremke ule mteremko pamoja. Wakifika chini salama, mazungumzo yataendelea. Baba mkwe alimletea jeki. Fundi Maneno aliipokea, akaigeuza mara mbili, akauliza kwa sauti ndogo inaanzia upande gani.

Jua lilipopungua, Shangazi alisema anataka kwenda kumsalimia rafiki yake mtaa wa pili. Binti akavua futi shingoni, akaipanda pikipiki kama aliyezaliwa nayo, kwani Shangazi alishamfundisha, na Shangazi akapanda nyuma. Walipita getini bila kumwangalia yule mtu aliyelala chini ya gari, mafuta ya breki yakimdondokea kwenye shati la pasi.

Yeye aliwaangalia. Walipofika kwenye kona binti akakanyaga breki, taa ya nyuma ikawaka, nyekundu, safi, kisha ikazimika. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Balbu aliiweka mwenyewe.