Misalaba ya Mlango wa Choo

Jumatatu, 4 Machi 2013. Sange.
Nimepata kazi. Mradi mmoja kutoka Bukavu unataka kujenga gereza jipya nyuma ya soko, na kabla ya tofali la kwanza lazima majirani waulizwe litawadhuru vipi. Muulizaji ni mimi, Gédéon. Nimepewa daftari, kalamu mbili za bic na kofia. Jirani yangu Onesphore amepewa mita ya kupimia ardhi, naye anaivuta hata asipopima, ili watu waisikie.

Mchana nimelala kidogo. Nimeota taa za gereza zikimulika mpaka uani kwangu, na Florentine, jirani ambaye bado sijamwambia ninavyompenda, amekaa chini ya mwanga huo akichambua mchele. Mchele wetu.

Jumanne, 5 Machi.
Nyumba kumi na moja. Mama Apollinarie hana neno: wezi wa mbuzi wakifungwa karibu, atawatukana bila kupanda gari hadi Uvira. Mwingine anahofia vyoo vya wafungwa vitamwagikia mfereji wa mpunga. Hoja nzuri, nimeipa mistari miwili. Kwenye safu ya wanyama wa pori nimeandika: vyura, wengi.

Nyumba ya kumi na mbili ni ya Florentine. Nikamuuliza gereza litamwathiri vipi. Akanionyesha kwa kidole ramani niliyoishika mwenyewe. Gereza limekaa juu ya shamba lake la muhogo, lote. Alisema wakilichukua atahamia kwa dada yake, kule kijijini Nyakabere. Mume wake Nkeshimana alipanda milimani wakati wa vita, miaka tisa iliyopita, hakurudi, na hapa kinachomshika ni shamba tu. Shamba tu! Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nipo. Nikaandika: athari kubwa.

Alhamisi, 7 Machi.
Injenia wa mradi amekuja, ana haraka, maana jana milio ya bunduki ilisikika kule juu na dereva wake hataki barabara baada ya saa tisa. Nikamuuliza ni kitu gani kinaweza kuhamisha gereza. Vyura? Hapana. Mfereji? Watatia bomba. Makaburi? Hapo akakuna kichwa. Alisema hakuna anayejenga juu ya makaburi kabla ya kuelewana na wenye wafu.

Nimerudi nyumbani sioni njia, naona harusi.

Jumapili, 10 Machi.
Sange nzima iko misani. Mimi niko shambani kwa Florentine na koleo. Matuta matatu kando ya muhogo, udongo laini kwa mvua. Mawe nimeyatoa mferejini. Misalaba nimeipasua kutoka mlango wa choo changu, ule wa buluu. Nimekwangua rangi, siyo yote. Majina sikuandika. Kumdanganyia marehemu jina ni dhambi, na mimi ni Mkristo. Nimewasalia Baba Yetu hao wasiokuwamo.

Kisha nikalala chali kati ya kaburi na kaburi, nikatazama mawingu yakitoka Burundi bila kuulizwa karatasi. Amani niliyoisikia siwezi kuieleza. Choo sasa kina gunia.

Jumanne, 12 Machi.
Injenia ameyaona, amepiga picha, ametikisa kichwa. Safi kabisa.

Halafu akaja bibi Kankindi, mkongwe wa karibu na soko. Akaniuliza: “Weye wa daftari, iko nani hapa?” Nikasema sijui, na ni kweli tupu. Akasema kama hakuna anayejua, basi wa katikati ni Nduwimana, mwanawe, aliyechukuliwa na askari mwaka 1998. Miaka kumi na tano alikosa pa kukaa amlilie. Akakaa. Akamimina kasiksi, pombe yake ya ndizi, kidogo chini, iliyobaki akanipa ninywe. Nikainywa.

Onesphore naye akafika na mita. Akaiona rangi ya buluu, akanitazama. Choo changu anakijua. Nikangoja anifichue mbele za watu. Akavua kofia, akapiga magoti penye kaburi la kushoto, akamlilia mdogo wake. Tumekuwa majirani miaka sita, na sikujua kwamba alikuwa na mdogo. Nimeona aibu, lazima niandike hivyo.

Jumamosi, 16 Machi.
Padri amesoma misa shambani. Watu wengi, nyimbo nzuri. Injenia ametangaza kwamba gereza linahamishwa. Nimeshinda!

Nikavaa shati ninalovaa kwenye harusi za wengine, nikaenda kwa Florentine. Nikamkuta amenyoa nywele. Akanishika mikono yote miwili, akasema Nyakabere haendi tena, hawezi kumwacha mume wake. Mume gani? Nkeshimana, kaburi la kulia. Bila kaburi hakuweza kuomboleza, na sasa kilio kimeanza. Kwa desturi yetu, mwaka mzima hatasikiliza neno la mwanamume, mpaka wazee waondoe kilio. Uso wake ulikuwa umetulia. Sijawahi kumwona mzuri hivyo.

Akaniomba nimpalilie kaburi. Nikapalilia, nikimwonea wivu mtu niliyemzika mwenyewe bila yeye kuwapo.

Jumatatu, 18 Machi.
Ramani mpya imefika. Gereza litakaa ng'ambo ya mfereji, juu ya shamba langu la mpunga. Onesphore amelipima asubuhi, polepole, kwa heshima, na hakuivuta mita hata mara moja bila sababu. Ilinikera zaidi.

Nimekaa saa nzima na miguu majini, nikiwasikiliza vyura ambao hawakumsaidia mtu. Nimetafakari kwa unyofu yote yaliyotokea wiki hizi mbili. Bibi Kankindi, Florentine, mdogo wa Onesphore. Mwishoni nikaliona kosa langu wazi kabisa: makaburi matatu yalikuwa machache.

Mlango wa jiko ni mpana kuliko wa choo. Utatoa misalaba sita. Jumapili ijayo ni ya Matawi, na misa yake huwa ndefu.